Mtumwa wa Mama Mawata

Mawata Konneh alikaanga bajia za kunde kwenye njia panda ya kambi, mkabala na pampu ya maji, na kila aliyepita pale alijua mambo mawili: bajia zake hazikuwa na mpinzani, na ulimi wake haukuwa na breki. Ukoo wa Konneh na ukoo wa Traore ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na Mawata alikuwa mtu wa kushika mila. Traore yeyote aliyesogelea karai lake alitukanwa kwanza, ndipo akahudumiwa. Aliitwa mtumwa. Aliitwa mla kunde. Aliulizwa kama tumbo limetulia au majirani waanze kuhama. Traore naye hakukubali kushindwa. Alijibu kwamba bwana ni yeye na mtumwa ni Mawata, na kwamba mtu anayeshinda kutwa juu ya karai la kunde huku akiwacheka wala kunde anafaa kupelekwa kwa mganga. Wakishachekana vya kutosha, bajia zilifungwa kwenye karatasi na kila mtu akaenda zake akiwa mwepesi kidogo kuliko alivyokuja.

Kambi yenyewe ilikuwa Guinea, kusini kwenye misitu, na wengi waliokaa humo walivuka mpaka kutoka Liberia wakikimbia vita. Serikali za nchi tajiri ndizo zilizowalisha. Kila mwaka ziliketi mahali fulani penye viyoyozi zikaahidi, na ahadi hizo zilipofika kambini zilionekana ndani ya kopo la mafuta. Mwaka wa ahadi nono, kopo lilijaa. Mwaka huo lilikuwa nusu, na ngano ya msaada ilipimwa kwa mkono mwepesi, kwa sababu vita vipya vilikuwa vimezuka kwingine, na fedha za msaada zina tabia ya kukimbilia moshi mpya. Watu wa kambini hawakuhitaji redio. Mtu akipokea mgawo mdogo aliutazama mfuko wake, kisha akamuuliza aliye nyuma yake kwenye foleni, "Leo wanapigana wapi?"

Lakini kilichompa Mawata joto na baridi mwaka huo hakikuwa mgawo. Kilikuwa safari ya Kule. Hiyo ilikuwa nchi iliyokubali kuchukua baadhi ya wakimbizi ikawape makazi ya kudumu, nchi ya theluji yenye jina gumu, na kambini hakuna aliyejisumbua na jina hilo. Mtu alikwenda Kule, basi. Sarata, binti pekee aliyebaki wa Mawata, alikwenda Kule na mumewe Lamine, akazaa huko watoto wawili. Mkubwa ni Fode. Mdogo ni msichana, na walimpa jina la bibi yake. Ama Lamine, huyo alikuwa Traore, na watoto hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo wajukuu wote wawili walikuwa Traore, watani halali wa bibi yao. Mawata hakuwahi kuwaona. Aliwatukana kwa simu tu, kwenye kibanda cha mwenye simu, huku foleni nzima ikisikiliza. Siku Fode alipoanza kujibu, na kumwita bibi mtumwa kwa sauti ya kitoto yenye lafudhi ya ajabu, Mawata aligawa bajia bure mpaka jioni.

Sasa ilikuwa zamu yake. Serikali ya Kule ilikuwa imetenga fedha kwa ajili ya nauli na kodi ya miezi ya mwanzo kwa wazazi walioachwa nyuma, na jina la Mawata lilikuwemo. Kilichobaki ni mahojiano. Lakini mwaka wa fedha wa Kule ulifungwa mwisho wa mwezi wa tisa. Nafasi ambayo haijatumiwa hadi siku hiyo ilikufa, fedha zikarudi hazina, na habari zilizofika kambini zilisema bunge jipya la Kule lilikuwa na mkono wa birika. Anayekosa mwaka huu asitegemee mwaka ujao.

Ofisa aliyekuja kuhoji aliitwa Bi Karin, msichana mpole ambaye jua la Guinea lilikuwa limemchuna pua. Mkalimani wake alikuwa mgeni kazini, kijana wa mji wa Kankan aliyesomea Kiingereza. Yule aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuongeza chumvi: mjane mmoja alisema maneno matatu tu, naye akayatafsiri kwa robo saa, pamoja na ushauri wake mwenyewe. Ndiyo maana huyu mpya aliapishwa kwa mkono juu. Asiongeze neno, asipunguze neno, asieleze kitu. Yeye awe bomba tu, maneno yapite.

Mawata aliingia chumbani siku hiyo akiwa na kitambaa kipya kichwani na tumbo tupu, maana woga ulimkatalia kula. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na chenji, na hakutaka kuingia nacho kwenye jambo kubwa namna ile. Bi Karin akamwonyesha kijana aliyeketi pembeni, akasema huyu ni Bwana Siaka Traore, atatafsiri Kimaninka, je, mama anamkubali?

Jina la Traore lilipotajwa, woga wote ulimtoka Mawata. Alijiona yuko nyumbani.

"Mwanangu," alimwambia Bi Karin akicheka, "hapo umenitendea wema. Kumbe umeniletea mtumwa wangu."

Siaka alikuwa ametoka Kankan majuzi na hajatukanwa na mtu tangu afike. Alifurahi hadi masikioni. Akatafsiri kama alivyosikia, naye akicheka, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kukutana na mtu asiyejua kwamba Konneh na Traore ni watani. Kwake ilikuwa kama kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha.

Bi Karin hakucheka. Aliuliza kama amesikia sawasawa, mtumwa? Mawata akasema ndiyo, huyu, na baba yake pia, alirithiwa. Bi Karin akauliza kama anao wengine. Mawata akasema wamejaa kambini, akitoka nje atawaona. Bi Karin akauliza kama anawalipa. Mawata alidhani huyu binti ameukamata utani vizuri kabisa, na ana kipaji, akajibu kwamba matusi yanawatosha. Halafu, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamenoga na alitaka yule mgeni ajue kwamba hata kwake si ugenini kabisa, akaongeza neno.

"Hata Kule kwenu ninao wawili. Wananisubiri. Mmoja ameanza kuwa mkaidi, lakini nikifika atanyooka."

Siaka alikuwa katikati ya kulitafsiri hilo alipojisikia mwenyewe kwa Kiingereza. Aliiona kalamu ya Bi Karin ikikimbia, akafungua mdomo aeleze, akakumbuka mkono wake ulivyokuwa juu akiapa, akaufunga. Mahojiano yaliisha muda si mrefu. Mawata alitoka akiwaambia watu kwamba wazungu wa Kule ni watu wa mzaha, sisi tulidhani wamenuna tu.

Habari ilimfikia kupitia kwa Mzee Vamuyan Kromah, mwenyekiti wa kamati ya kambi, mwalimu mstaafu aliyependa mambo yaende kwa ratiba. Alikuja hadi kwenye karai akasimama bila kununua.

"Mawata, uliwaambia nini wale watu?"

"Niliwaambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba Traore ni mtumwa wangu."

Mzee Vamuyan akaketi juu ya ndoo. Alimweleza polepole kwamba safari yake imesimamishwa. Kule, kumiliki mtu ni kosa kubwa kuliko yote, na sasa kuna swali kama Mawata Konneh anamiliki watu, na hasa kama amekwisha kuingiza wawili nchini mwao. Bi Karin atarudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, amhoji mara ya mwisho kabla fedha hazijafungwa. Asiporidhika, hakuna safari.

Mawata alicheka kwanza, akidhani mwenyekiti naye ameamua kutania. Alipoona uso wa mzee haubadiliki, akaweka mwiko chini. Aliuzima moto kunde zikiwa bado nusu beseni, kitu ambacho hakijapata kuonekana pale njia panda. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Katoto kenye jina lake kalikuwa kanajifunza kutembea huko, kanaangukia mikono ya watu wengine, na yeye amejifungia mlango kwa mdomo wake mwenyewe.

Siaka alikuja jioni ile ile kuomba radhi. Alisema angekwenda kwa Bi Karin kueleza, lakini ataeleza nini? Akisema yeye si mtumwa, watadhani ametishwa. Mtumwa gani angesema vingine mbele ya bwana wake? Mawata alimsamehe. Waliagana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtukana mwenzake.

Mzee Vamuyan hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alizunguka kambi nzima na kipaza sauti akitangaza kwamba kuanzia siku hiyo utani umepigwa marufuku hadi wageni waondoke. Hakuna mtumwa, hakuna bwana, hakuna mla kunde. Watu wasalimiane kwa adabu kama watu wa ofisini, ili Bi Karin akirudi asisikie neno baya hata kwa bahati mbaya. Watu walimpenda Mawata, wakatii.

Ikawa kama kambi imefiwa. Siaka alipokwenda kununua bajia, Mawata alimwambia, "Habari za asubuhi, Bwana Traore," naye akajibu, "Salama, Mama Konneh, pole na kazi," na bajia zikamkwama kooni kama za jana. Kwenye harusi moja, watani wa bibi harusi, ambao kazi yao ni kuziba mlango na kuiba viatu vya bwana harusi, walikaa kwenye mabenchi wakipiga makofi kwa zamu. Bwana harusi alirudi nyumbani na viatu vyake vyote viwili na alikuwa na huzuni.

Kubwa zaidi lilitokea kwenye pampu. Wanawake wawili, wote Traore, waligombea zamu. Siku nyingine yoyote Mawata angepaza sauti kutoka kwenye karai, awaambie watu wawaache watumwa wake wapigane, atauza atakayeshinda, na wale wawili wangemgeukia yeye kwa matusi, wakasahau ugomvi. Hivyo ndivyo magomvi yalivyokwisha pale miaka yote. Safari hii Mawata aliuma ulimi. Ndoo zikapasuka, vitambaa vikavuliwa vichwani, na kufika jua kuzama upande mmoja wa kambi hausalimiani na upande wa pili. Mzee Vamuyan aliitisha kikao cha usuluhishi kikakaa siku nzima bila kusuluhisha chochote. Kesho yake alifumwa nyuma ya ghala la ngano akiwa na mtani wake mwenyewe, mzee mwenzake, wakiitana wezi wa kuku kwa minong'ono huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Aliyewafuma alikuwa Mawata. Aliwaonea wivu, akapita.

Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa nyingi mwaka huo. Bi Karin alifika akiwa na tope hadi magotini. Safari hii alikuwa amepanga mkalimani mwingine, asiye Traore wala Konneh, lakini gari la mkalimani huyo lilikwama ng'ambo ya daraja lililozolewa na maji. Bi Karin alisubiri asubuhi yote. Kesho yake alitakiwa aondoke, na keshokutwa fedha zilikuwa zinafungwa. Mchana akamwita Siaka, shingo upande, akamkumbusha kiapo: neno kwa neno, hata linalomhusu yeye mwenyewe.

Nusu ya kambi ilijibanza chini ya paa la ofisi, ikijifanya inakimbia mvua. Madirisha hayakuwa na vioo.

Ndani, Mawata aliketi wima. Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi na Mzee Vamuyan hadi analiota. Ni neno moja tu, hapana, na baada ya hilo moja anakwenda kwa wajukuu zake. Bi Karin hakuzunguka. Aliuliza, na Siaka akalitafsiri kwa sauti bapa, macho yakiwa mezani:

"Je, huyu bwana ni mtumwa wako?"

Mtu wa kwingine angedhani hilo ni swali jepesi. Lakini Konneh hamwambii Traore usoni kwamba wewe si mtumwa wangu. Watani huacha kutukanana siku moja tu, siku ambayo hawana tena haja ya kujuana. Kumwambia vile ni kumwambia kwamba kilichokuwa kati ya wazee wako na wangu kimekwisha, na mimi ndiye niliyekikata. Mawata alimtazama yule kijana wa watu, mwenye kola iliyolegea na mikono iliyoshikana chini ya meza. Akafikiria katoto kanakojifunza kutembea. Akajikaza.

"Hapana," alisema. "Si mtumwa wangu. Simjui."

Lile neno la mwisho hakulipanga. Lilitoka lenyewe. Nje, chini ya paa, mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Siaka alitafsiri neno kwa neno kama alivyoapa, na alipofika kwenye "simjui" sauti yake ilikatika. Mawata naye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Bi Karin aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Binti yule hakuwa mjinga, na hapa lazima apewe haki yake. Aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye maswali yake.

"Mara ya kwanza mlisema mtumwa, mkacheka wote wawili. Leo mnasema si mtumwa, mnalia. Nifafanulie, mama."

Mawata akaona kwamba amekwisha kuharibu kwa kusema kweli na sasa anaharibu kwa kusema uongo, kwa hiyo hana tena cha kuogopa. Akaeleza. Alieleza jinsi walivyovuka mpaka, yeye na Sarata, baada ya kumzika mumewe njiani pasipo hata sanda. Waliingia kijiji cha kwanza cha Guinea jioni, hawajala, hawamjui mtu, na watu walikuwa wakifunga milango kwa sababu askari walikuwa wamepita. Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani. Akamuuliza, wewe ni ukoo gani? Akajibu, Konneh.

"Aliponisikia akasimama akanifokea," Mawata alisema. "Akaniambia, wewe mtumwa, umechelewa wapi siku zote hizi, uji wa bwana wako unapoa. Nikajua huyu ni Traore. Nilikuwa sijacheka tangu nimzike mume wangu. Nilicheka pale pale barazani, nikalia, nikacheka. Alitupa chumba chake yeye, akalala nje na wanawe. Tulikaa kwake mpaka mvua zikaisha na nyinyi mkafika na mahema."

Siaka alitafsiri. Bi Karin aliuliza ni nani aliyemlipa yule mzee kwa chumba na chakula cha miezi yote hiyo, ni serikali, au ni shirika?

"Nani amlipe?" Mawata alishangaa. "Mimi si nilikuwa mtumwa wake?"

Mvua ilikuwa imepungua. Bi Karin akauliza kuhusu wale wawili walioko nchini mwake, na sasa aliuliza kwa sauti ya chini. Mawata akasema mkubwa ana miaka minne na anaitwa Fode, mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea na anaitwa Mawata. Baba yao ni Traore, wafanye nini? Hajawahi kuwashika. Amewatukana kwa simu tu, na yule mkubwa ameanza kujibu vizuri.

Bi Karin alijikuna ile pua yake iliyochunwa na jua. Alimgeukia Siaka, akamwambia kwamba kwa dakika moja anamfungua kiapo, aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Kati yake na mama huyu, bwana ni nani?

"Bwana ni mimi," Siaka alisema kwa Kiingereza, bila kusita. "Huyu mama ni mtumwa wangu. Muulize mtu yeyote."

Hakukuwa na haja ya kuuliza, maana waliokuwa madirishani waliojua Kiingereza waliwatafsiria wasiojua, na kwa muda ofisi yote ilikuwa ni kelele tupu za Konneh na Traore wakigombania nani alimnunua nani, wakiwemo wale wanawake wawili wa pampu, ambao sasa walikuwa upande mmoja. Mzee Vamuyan alijaribu kuwanyamazisha akashindwa, kisha akasikika akimwita mtu mwizi wa kuku kwa sauti kamili.

Bi Karin alitoka, akapita katikati yao hadi kwenye gari, akazungumza na wakubwa wake kwa ile simu yenye antena ndefu. Alizungumza sana. Mara alionekana akipunga mkono hewani kama anayebishana, mara akicheka, mara akilitaja jina la Traore na kulirudia herufi kwa herufi. Mawata hakuthubutu kutazama. Alihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye paa, akapoteza hesabu, akaanza tena. Aliwaza kwamba kama jibu ni hapana, atamwomba mwenye simu ampigie Sarata kabla hajaisikia kwa mtu mwingine, na hakujua angeanzia neno gani.

Bi Karin alirudi akaketi. Alisema sentensi moja fupi kwa Kiingereza, akamwangalia Siaka atafsiri. Mawata alijaribu kuidaka kwa Kiingereza chake cha sokoni, lakini haikuwa na bei wala chenji ndani yake. Uso wa Bi Karin ulikuwa umechoka tu. Uso wa Siaka haukusema kitu.

Siaka hakutafsiri. Alijiegemeza kwenye kiti, akakunja mikono.

"Mama," alisema kwa Kimaninka, "jibu ninalo. Liko hapa mdomoni. Lakini leo, mbele ya watu, umesema hunijui, na habari kubwa kama hii siwezi kumpa mtu tusiyejuana. Kwanza niambie. Mimi ni nani?"

Bi Karin aliuliza kama kuna neno gumu. Siaka akamjibu kwamba lipo moja, asubiri kidogo.

Mawata alisimama. Ulimi wake ulikuwa umerudi mahali pake.

"Wewe ni mtumwa wangu," alisema, na chini ya paa kila mtu alinyamaza asipitwe. "Baba yako ni mtumwa wangu. Babu yako alikuwa mtumwa wa babu yangu, na alikula kunde hivi kwamba siku ya mazishi yake waombolezaji walisimama upande unakotoka upepo. Mimi ndiye niliyekujua kabla hujazaliwa, na nitakujua hata nikiwa Kule, hata nikiwa kaburini. Na ukinichelewesha zaidi ya hapo nitakuuza hapa hapa kwa huyu binti, na mwaka huu sitapata hata nusu kopo la mafuta."

"Sasa tumeelewana," Siaka alisema, na sauti yake haikuwa imara hata kidogo. "Mtumwa wako anasema kafunge mizigo. Unasafiri Jumanne."

Mawata alijifunika uso kwa kitambaa, akakaa sakafuni, na wanawake wakaingia kumwinua, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha. Katikati ya vurugu hiyo Siaka alikumbuka kwamba ile dakika yake ya kufunguliwa kiapo ilikuwa imekwisha zamani. Akamgeukia Bi Karin, akakaa vizuri, akamtafsiria yote aliyoyasema mama, neno kwa neno, bila kupunguza hata lile la mazishi.